Kanuni Saba za Vampaya wa Gakuru

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi ya pili ya Agosti, vampaya wa Gakuru alinunua ng'ombe.

Alimnunua sokoni, katika mji ambao haupo popote ila juu ya meza ya Elsie Nalianya, ghorofa ya tatu, Kitengela, upande ule ambao vumbi la malori ya mawe huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Mchezo wao ni wa kuigiza. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, dadu huamua nani amefaulu na nani ameumia, na mmoja wao, msimulizi, hubeba dunia yote iliyobaki: mvua, walinzi, wenye maduka, mbwa. Msimulizi alikuwa Elsie. Siku za kazi alipima damu na mkojo katika maabara moja ya mjini, ambako watu humwuliza kama majibu hayawezi kubadilishwa kidogo.

"Ng'ombe wa nini?" aliuliza.

"Wa damu," Gakuru alisema. "Kanuni yako ya pili inasema vampaya anywe damu ya kiumbe hai kila usiku, ama apoteze alama za uhai. Ng'ombe ni kiumbe hai. Mimi niko na ng'ombe."

Elsie alisoma kanuni ya pili. Mwezi uliotangulia mhusika wa Gakuru alikuwa ameumwa shingoni na binti wa mfalme, na kitabu cha mchezo hakikuwa na la kusema kuhusu mchezaji aliyegeuka vampaya, mfu mnyonya damu, isipokuwa kwamba afe. Gakuru alikataa afe. Elsie akatunga kanuni saba za kwake, akazipima, akazifuta, akaziandika upya. Hakuna aliyemlazimisha kuandika "kiumbe hai".

"Sawa," alisema. "Ni kiumbe hai."

Leshan, mwenye duka la dawa za mifugo huko Kajiado, aliweka kikombe chake chini. "Ngoja. Anamtoboa shingoni, anakunywa kidogo, na ng'ombe anaendelea kula nyasi?"

"Ndiyo."

"Kwetu Umaasaini damu hiyo inapewa mgonjwa, ama mama akishajifungua. Elsie, huyo si vampaya. Huyo ni mtu hajisikii vizuri na ako na ng'ombe."

Muthoki, mwalimu wa Isinya na mchezaji wa nne, alicheka mpaka biskuti ikamtoka mkononi. Elsie hakucheka. Walikuwa wamekubaliana mbele ya mashahidi: vampaya akiingia mjini, akachukua ufunguo wa lango kuu na kutoka bila kupoteza hata alama moja ya uhai, basi kanuni hazifai kitu na Gakuru atakalia kiti cha msimulizi hadi Krismasi. Gakuru alishawahi kukikalia kwa majuma matatu. Kazi yake ni kuuza ploti za ardhi, na ndani ya majuma hayo pango la joka liligawanywa ploti za futi hamsini kwa mia, joka likawa dalali, na Muthoki akapoteza mhusika wake katika kesi ya mpaka. Elsie hakuwa tayari kuona dunia yake ikiwekwa vigingi. Hadi sasa vampaya alikuwa na alama kumi na mbili, zote kamili.

Elsie alikuwa bado na kanuni ya tatu, aliyoiamini kuliko zote. Vampaya haingii nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake. Na ufunguo ulikuwa ndani ya mojawapo ya nyumba za mji.

"Umefika kwa fundi wa viatu," alisema. "Mlango umefungwa. Ndani kuna mwanga."

Gakuru aligonga meza kwa vidole viwili. "Hodi!"

"Karibu," Elsie alisema.

Chini barabarani lori lilishusha gia.

"Amesema," Muthoki alinong'ona.

"Nimesikia nilichosema."

Nyumba ya pili ilikuwa ya msaga unga. Elsie alijiandaa kabisa: msaga unga huyu, alieleza, ni mtu mchungu, ameibiwa mara mbili, haongei na wageni. Gakuru akagonga meza polepole, kwa heshima. "Hodi hapa kwa mzee! Habari za jioni?"

"Nzuri, karibu," Elsie alisema, na akaufunga mdomo kwa kiganja akiwa amechelewa.

"Wueh! Mtu mchungu kweli," Leshan alisema. "Angekuwa mtamu angetupa na shamba."

Nyumba ya tatu Elsie aliuma midomo yake miwili. Gakuru alipiga hodi mara mbili bila jibu. Akamtazama Elsie, akamtazama Leshan, akabadilisha salamu kuwa ya Kimaasai. "Sopa!"

"Epa," Leshan alijibu palepale.

"Nimejibiwa!"

"Umejibiwa salamu," Elsie alisema, "na umejibiwa na mwenzako aliye nje pamoja nawe akishika kamba ya ng'ombe. Huyo si mwenye nyumba. Hujakaribishwa."

"Sawa, bosi." Gakuru alikunja mikono. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyetembea mbali, "Basi acha tu tuende. Tulikuwa tunapita, tukaona si vizuri tupite hivi hivi bila kuwasalimu."

Elsie alihesabu moja hadi nne kichwani. Alipofika tano alikuwa ameshasema, "Hata maji hamnywi? Ingieni."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jambo lilikuwa wazi, na halikuwa la kusikitikia. Kanuni ya tatu ilitungwa na watu wanaoweza kumwacha mtu mlangoni. Yeye alilelewa Webuye, ambako mgeni haachwi mlangoni. Kama angesema sasa kwamba kila mwenye nyumba mjini ni bubu, angekuwa anabadilisha majibu, na hilo hakulifanya hata kwa walioomba wakilia. Kilichobaki ni kuendelea kusema kweli, na kuitazama mpaka mwisho wake.

"Umefika nyumba ya mwisho," alisema. "Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Ufunguo wa lango umetundikwa msumarini nyuma ya kiti chake. Kuna saa tano hadi alfajiri." Aliweka vizibo vitano vya soda mezani. "Kanuni ya kwanza unaijua. Jua likikukuta nje, unaungua."

"Saa tano ni nyingi. Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu kabisa," Elsie alisema, na safari hii hakuuma chochote. Hakuwa amembuni mama huyo. Alimchukua shangazi yake Immaculate, mzima mzima, na sauti yake na leso yake. "Keti hapo. Hapo hapana, kuna upepo. Keti hapa. Mama yako hajambo?"

Gakuru alisita. "Hajambo."

"Na baba?"

"Pia yuko salama. Mama, mimi nimekuja mara moja tu, nilikuwa naomba ule ufunguo..."

"Ufunguo utaupata. Ufunguo si kitu. Utaenda na njaa nyumbani kwangu, watu waseme nini?" Elsie aligeuza shingo kana kwamba kuna mlango nyuma yake. "Watoto! Shikeni kuku!"

"Mimi niko na haraka, mama."

"Haraka ya nini? Nani anakufukuza?" Elsie aliondoa kizibo kimoja. "Kuku anakimbizwa."

"Saa nzima?"

"Ni jogoo," Elsie alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Tupa dadu kama unataka ashikwe haraka."

Gakuru alitupa. Dadu ya nyuso ishirini ilibiringika ikatulia kwenye tatu. Kizibo cha pili kikaenda.

"Amepanda juu ya jiko la jirani," Elsie alieleza.

Gakuru aliinama mbele. "Wacha basi nisaidie kuchinja. Ile damu..."

"Mgeni achinje? Keti chini!"

"Gakuru," Muthoki alisema, "si umng'ate tu huyo mama uchukue ufunguo uende? Uko na meno."

Gakuru alimgeukia, na uso wake haukuwa na mchezo hata kidogo. "Nimng'ate? Mama amenishikia jogoo?"

"Nauliza tu."

"Wewe Muthoki, ulilelewa wapi?"

Kizibo cha tatu kilienda kwa kunyonyoa, cha nne kwa kuchemsha, kwa kuwa jogoo alikuwa mzee. Leshan aliulizia hali ya ng'ombe, akaambiwa amelala. Ililetwa birika ya maji ya kunawa, na hapo Muthoki akainua mkono kama mwanafunzi wake mwenyewe: kanuni ya sita haisemi kwamba vampaya hawezi kuvuka maji yanayotiririka? Maji ya birika si yanatiririka?

Lilikuwa jambo la kumfaa Elsie, na lilikuwa uongo. "Kanuni inasema kuvuka," alisema. "Yeye ananawa. Hapotezi kitu."

"Asante," Gakuru alisema. Alitazama kizibo kilichobaki, akatazama ufunguo wa mawazoni nyuma ya kiti cha Elsie, na akapiga hesabu yake. "Ninakula vipande viwili, nashukuru, nachukua ufunguo, natoka. Niko na saa nzima. Kitunguu saumu je?"

"Shangazi hatumii. Nyanya na chumvi tu."

"Basi nimemaliza! Alama kumi na mbili zote." Alipiga meza. "Ploti zinarudi, watu wangu!"

"Chakula kiko mezani," Elsie alisema, na sauti ya mama ikarudi. "Ugali, kuku, mboga. Jamani, tuiname. Mgeni atuombee."

Gakuru ni mtoto wa mzee wa kanisa. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akisimamishwa kuombea chakula, harusi, safari na misingi ya nyumba, na hata siku hizi hauzi ploti kabla ya kuiombea ikiwa tupu. Alifumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza, "tunakuja mbele zako jioni ya leo tukisema asante. Asante kwa uhai. Asante kwa chakula hiki. Bariki mikono ya mama huyu aliyemkimbiza jogoo hata juu ya jiko la jirani. Sisi wageni wa nyumba hii hatuna cha kumlipa, lakini wewe unacho. Wakumbuke walio hospitali. Wakumbuke watahiniwa. Tunaomba mvua, Baba, Kajiado ng'ombe wanaumia..."

"Ndiyo, Bwana," Leshan alisema, macho yakiwa yamefumbwa.

"...na yule ambaye hana chakula, mpe. Ni katika jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu, tumeomba na kuamini."

"Amina," walisema wote wanne.

Gakuru alifumbua macho. Elsie alikuwa ameshika karatasi ya kanuni, kidole kikiwa kwenye ya nne: vampaya akitamka jina takatifu kwa imani, atupe dadu, apoteze alama kama itakavyoonyesha.

"Hapana," Gakuru alisema. "Huyo alikuwa mimi. Mimi Gakuru. Vampaya alikuwa amenyamaza tu hapo kando."

"Ulisema, 'sisi wageni wa nyumba hii'," Elsie alijibu. "Wewe si mgeni kwangu, unakuja kila Jumamosi. Na umemwombea baraka mwanamke aliyekimbiza jogoo. Huyo mwanamke na huyo jogoo hawapo Kitengela. Aliyewaona ni vampaya."

"Na kwa imani?"

"Umeomba mvua," Leshan alisema. "Mimi nimeamini."

Gakuru alitazama kila uso mezani. Akaokota dadu, akaitikisa ndani ya viganja vyote viwili, akaiachia. Mchana kutwa alikuwa hajapata zaidi ya kumi na moja. Ilisimama kwenye kumi na tisa.

"Anageuka majivu," Elsie alisema, "kitini, mikono ikiwa safi."

"Na kuku?" Muthoki aliuliza.

"Yuko mezani."

"Sisi wawili tunaingia," Leshan alisema. "Ng'ombe atajiangalia."

Elsie alirudisha vizibo kwenye kopo, akabaki kwenye kiti chake cha msimulizi. Saa kumi na moja na nusu Gakuru aliomba karatasi mpya ya mhusika. Akapewa. Kwenye nafasi ya kazi aliandika: mzee wa kanisa.