Paa la Uzinduzi

Serikali ilipotangaza kwamba elimu ya msingi itakuwa bure, haikufafanua kwamba paa si sehemu ya elimu. Shule ya kwanza ya umma mjini ilianza na kuta nne, mbao za paa, na mwalimu mkuu aliyekuwa ameomba mabati mpaka sauti ikamkauka. Mvua zilikuwa njiani.

Mabati yalifika asubuhi ya uzinduzi. Seremala, shemeji yake mwalimu mkuu, akaagizwa ayafunge kwa waya.

"Kwa waya? Hili ni paa au kuku wa sokoni?"

"Jioni yanaondoka," dereva wa lori akasema bila haya. "Wiki ijayo yanazindua shule nyingine. Paa ni hilihili tangu mwaka juzi."

Ndivyo mfumo ulivyokuwa ukikua: shule nyingi katika hotuba, paa moja barabarani.

Mwalimu mkuu akamvuta seremala pembeni. "Shemeji, una misumari?"

"Mirefu."

"Pigilia. Na ncha uzikunje kwa ndani."

Afisa elimu alikata utepe, akahutubia, akala. Kisha vibarua wakapanda juu na makoleo, wakashuka na jasho tu.

"Mama, unazuia maendeleo ya elimu!" afisa akamfokea mwalimu mkuu.

"Ninayazuia yasinyeshewe, mheshimiwa."

Lori lilipogeuza kuondoka tupu, dereva akatoa kichwa dirishani. "Shule inayofuata inaongozwa na mdogo wako. Hukuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Mvua ikanyesha; wanafunzi wake wakasoma wakiwa wakavu, naye akafundisha huku akijua uzinduzi wa mdogo wake utakosa hata paa la siku moja. Siku ya uzinduzi wa shule hiyo, mdogo mtu akaingia ofisini, nguo zikichuruzika maji, akaketi bila salamu.

"Dada, umenivua nguo hadharani."

"Najua. Nisamehe."

"Msamaha utasubiri. Nimekuja kumwazima shemeji."

"Wa nini? Huna bati hata moja."

"Sina. Ila wageni waliletewa turubai kubwa, maana wao hawanyeshewi. Lori linalisubiri. Wazazi wameketi juu ya kamba zake, wanasema wamechoka, hawawezi kuinuka."

Mwalimu mkuu akamtazama, kisha akainuka kwenda kumwita seremala. Misumari mirefu akaibeba mwenyewe.