Maji ya Lango la Nyuma

Shuka jeupe la mvuke lilipanda ghafla kutoka kwenye boneti likafunika kioo cha mbele, na kabla mguu wake haujafika kwenye breki, Alida alikwishajua: mpira wa rejeta umepasuka. Alilisogeza gari ukingoni mwa barabara ya mawe, akazima injini, akavuta breki ya mkono mpaka ikagoma. Juu yao, kileleni mwa Rebero, hema la posa lilionekana wazi, na ngoma zilikuwa zinajaribiwa.

"Tumefika?" aliuliza Mzee Nsengiyumva kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amefumba macho akirudia hotuba yake kimyakimya.

"Gari ndilo limefika, Mzee. Sisi bado," alijibu Swafiya.

Swafiya alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, rafiki wa Alida wa miaka mingi, na ndiye aliyeshona mishanana, mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, ya upande wa bwana harusi. Mzee Nsengiyumva alikuwa msemaji wao. Ganza, mwana pekee wa Alida, alikuwa anakwenda kumposa Belyse, na posa ya Kinyarwanda haianzi bila msemaji. Magari mengine yalikuwa yamekwisha kukata kona na kupotea. Akichelewa msemaji, upande wa binti huwachezea shere wageni hadi jua lizame, na shere ya siku ya kwanza hugeuka jina la utani, nalo jina halifutiki.

Alida alishuka. Alikuwa na neno la kujilaumu, akalisema haraka ili amalizane nalo. "Mkono wangu uliniambia. Nikajifanya kiziwi."

Ilikuwa kweli. Mapema wiki ile aliubinya mpira ule, akauona umelegea karibu na shingo kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akashuka Gikondo, akanunua mipya, wa juu na wa chini. Fundi wake, Ismaël, akamwambia alete gari Jumamosi asubuhi. Wote wawili walisahau kuwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, asubuhi ambayo Kigali nzima hushika majembe na gereji hufungwa. Saa ya kufungua gereji ilipofika, ilikuwa pia saa ya kuvaa. Alida akaitupa ile mipira kwenye buti na kujiambia kwamba Rebero si mbali.

Sasa aliinama akaitoa. Moyo ulimdunda, na alipousikiliza vizuri akagundua kwamba haukuwa woga. Alikuwa na hamu, kama mchezaji aliyeitwa uwanjani dakika za mwisho. Mara ngapi alisimama nyuma ya mgongo wa Ismaël akiuliza hili la nini, na lile la nini? Alipandisha umushanana wake, akaufunga kiunoni.

"Hariri yangu!" Swafiya alipiga yowe.

"Hariri hufuliwa. Nipe bisibisi."

"Nimpigie Ganza aturudie?" aliuliza Mzee.

"Thubutu."

"Afadhali. Bwana harusi aliyekwisha kutoka hageuzwi nyuma."

"Basi panda pikipiki, Mzee, utangulie."

"Mimi? Niingie kuomba binti nimevaa helmeti?"

Alida alifungua boneti. Aliuacha upepo wa kilimani uipoze injini, maana kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali moto humtemea mtu maji yanayochemka usoni. Hata hivyo mikono haikutulia. Alilegeza vibano viwili. Mpira wa zamani uling'ang'ania shingo ya chuma kama mtoto anayeachishwa ziwa, akaupasua kwa kisu urefu wake wote, akaubandua, akaifuta shingo kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Swafiya alikuwa na nusu chupa ya maji. Wakalowanisha ncha za mpira mpya, nao ukateleza na kukaa. Alida alinyoosha mgongo kwa ushindi. Kisha akaviona vibano, vyote viwili, vimelala juu ya betri.

"Umevaa viatu, soksi ziko mkononi," Swafiya alisema, akacheka hadi akashika mlango.

Alida akatukana kwa Kirundi cha Bujumbura alikokulia, akauchomoa mpira, akavivisha vibano kwanza, akaanza upya. Safari hii alikaza mpaka bisibisi ikamchora kiganjani.

Ikabaki rejeta tupu. Ndani ya gari mlikuwa na madebe ya pombe ya ndizi ya zawadi, na soda.

"Tuinyweshe ndizi?" Swafiya aliuliza.

"Ikilewa utaendesha wewe?"

Walitazama huku na huku. Malango yote yalikuwa na kufuli, maana mtaa mzima ulikuwa umealikwa hemani. Lango moja tu lilikuwa wazi, la buluu, moshi wa jikoni ukitoka. Belyse aliwahi kumwambia: nyumba yetu ina lango la buluu nyuma.

Mzee Nsengiyumva aliona macho ya Alida yanakoelekea, akaufungua mlango kwa pupa. "Hapana, Mama Ganza! Pale? Ukipokea maji kwao kabla sijafungua kinywa, mimi nitaomba nini?"

Alida alisimama. Si kwa sababu ya Mzee. Tangu mumewe afe, Ganza akiwa hajaota meno, Alida hakuwahi kumwomba mtu kitu. Chumvi ikimwishia jioni, mboga ililiwa bila chumvi. Watu waliuita ujasiri, naye akaamini. Na leo, siku ambayo neno lenyewe ni kuomba, alikuwa amemtafuta msemaji mashuhuri kuliko wote ili ulimi wa mtu mwingine ulibebe.

Alichukua dumu tupu akavuka barabara.

Aliyetokea langoni hakuwa mpishi. Alikuwa Mukamana, mama wa Belyse, nywele nusu zimesukwa, umushanana umening'inia bega moja. Walitazamana.

"Mama Ganza? Huku nyuma?"

"Nimekuja kuomba maji," Alida alisema. Neno lilitoka bila kumkwaruza koo. Hilo lilimshangaza.

"Ya kunywa?"

"Ya gari."

Mukamana aliitazama mikono ile myeusi, akalipokea dumu, akalijaza mwenyewe bombani. Akarudi akinong'ona, "Na mimi nina shida. Pini yangu imevunjika, na nikimwita mtu wa kunisaidia nitaonekana sijajiandaa."

Swafiya, aliyekuwa amemfuata Alida hadi langoni, alikuwa na pini tatu kwenye mtandio wake. Alida aliifunga moja begani pa Mukamana kwa ncha za vidole tu, asichafue kitambaa. Hakuna aliyesema asante. Walikuwa wanacheka mno.

Rejeta ilikunywa. Alida aliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, akaubinya mpira mpya, mgumu, hai, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Akaongeza maji, akafunika. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Alipiga usukani kofi na kupiga vigelegele peke yake.

Hemani, msemaji wa upande wa binti alisimama na fimbo yake, akawatazama wageni kwa mbwembwe. "Mmechelewa. Tutawasamehe. Lakini tuambieni kwanza, maana sisi hatuwajui: mmewahi kuomba kitu katika nyumba hii, mkapewa?"

Swali lilikuwa la mchezo. Mzee Nsengiyumva alikuwa ameliona dumu likirudi limejaa. Akamgeukia Alida. Ganza naye akageuka. Mama wa bwana harusi hasemi siku kama hii, hukaa akapendeza.

Upande wa pili wa hema, Mukamana aligusa pini begani mwake.

Alida aliinua mkono, kucha zote zikiwa nyeusi, mbele ya watu wote. "Mimi," alisema. "Niliomba maji, nikapewa."