Tofali la Tatu la Nguzo ya Sita

"Leo siku ya ishirini na nane, dada, lete to—"

"Silileti. Vunja mengine."

"Mengine nimeshavunja, mawili. Ripoti inataka—"

"Ripoti haijafiwa."

Fundi wa maabara, mjane wa wiki tatu, alikuwa amekalia mfuniko wa tangi la maji kama kuku anayeatamia. Mbele yake alisimama mhandisi Mchina, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Futi kwa ule utepe wa kupimia asiouvua hata akila. Miaka tisa ya kujenga madaraja nchi za watu ilikuwa imempa Kiswahili cha kugombana; cha kubembeleza bado.

Kila nguzo ya daraja ikimwagwa, kwa zege lile lile hutengenezwa matofali matatu ya majaribio. Hulazwa majini siku ishirini na nane, kisha hubanwa kwenye mashine mpaka yapasuke. Yakistahimili uzito unaotakiwa kabla ya kupasuka, nguzo imepita. Sasa hili la tatu lilikuwa na alama ya kiganja. Mume wa huyo dada wa maabara, fundi zege, alikibandika kiganja chake lingali bichi, akacheka: "Sahihi yangu hiyo, mama. Mchina asije akasema hakuniona kazini." Siku ya nne homa ikaondoka naye.

"Ulibeba jeneza lake wewe," akasema mjane. "Sasa unataka nimpasue?"

"Bila tofali nguzo haipiti. Wataibomoa. Nguzo yake."

Hilo lilimwingia. Aliinuka taratibu, akalitoa tofali majini, akalipangusa kwa kitambaa. Likakauka lote isipokuwa kiganja: vidole vinne na kipande cha kile kilicholiwa na msumeno. Akapangusa tena. Maji yakarudi polepole, kama jasho. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, naye alinyamaza, wasije wakasema akili zimemruka.

"Umeona?" akanong'ona.

Bwana Futi akasogea. Mwezi ule ule baba yake alizikwa huko kwao, yeye akitazama mazishi kwenye simu juu ya nguzo hii hii ya sita, kofia ya kazi kichwani, mtandao ukikatikakatika. Akavua glavu. Akaweka kiganja chake juu ya kile, kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa watu.

Mjane akangoja Bwana Futi alibebe tofali kwenda mashineni. Lilikuwa limeshamtoka moyoni; nguzo isimame, basi.

Mchina hakulibeba. Mkono wake ulikuwa umelowa mpaka kifundoni.

"Shemeji," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "kabla hatujalivunja, niulizie kwa mumeo. Amemwona mzee wangu?"