Picha Mia Mbili za Chini ya Maji

Mzee Masunga alikuwa na jicho, hilo hata waliomchukia walilikubali. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika huko Bariadi akipanga pamba madaraja: safi huku, fifi, yaani iliyochafuka, kule, na ole wako ulete gunia lenye mchanga. Kisha ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, wakawa wanazoa safi na fifi kwa pamoja, na mzee akaambiwa arudi nyumbani akalime. Akalima, lakini kwa kununa.

Binti yake Nyanjige hakuwa na habari na pamba. Alisomea fizikia Dar es Salaam, sasa alikuwa anafundisha sekondari pale mjini, na roho yake yote ilikuwa kwenye jambo moja. Mhadhiri wake wa zamani alimtumia tangazo la chuo kimoja cha Ulaya: nafasi moja tu ya utafiti wa shahada ya uzamivu, gharama zote juu yao, kwa mtu atakayeifundisha roboti kuona chini ya maji. Nyanjige likizo zake zote alizimalizia ziwani, kwa shangazi yake Kiloleli; maji machafu aliyajua. Akaomba. Wakamjibu kwa bahasha nene yenye picha mia mbili zilizopigwa chini ya maji, kila moja na namba yake mgongoni. Azipange makundi yatakayoisaidia roboti, aeleze kwa nini, na kazi aifanye peke yake. Ili iwahi, bahasha ilipaswa kutoka posta ya Bariadi Jumatatu.

Jumamosi asubuhi alikuwa ameshamaliza kupanga. Samaki, mawe, magugu, takataka. Akaziacha sebuleni juu ya mkeka, hajanakili namba hata moja, akaenda kufundisha masomo ya ziada. Hapo ndipo alipoharibu, maana nyumbani kwa mpanga pamba huachi kitu kwenye mkeka ukategemea kukikuta kama ulivyokiacha.

Aliporudi saa nane mchana alimkuta mzee amekaa kitako, miwani puani, na mafungu manne yamekuwa matatu. Mama yake, Felisita, alikuwa akimpokeza picha moja moja. Wote wawili walikuwa wanafurahi, tena kweli kweli, kama watu wa msimu wa mavuno. Nyanjige alilia pale pale mlangoni, na mkoba bado uko begani.

Mzee hakuona kosa lake liko wapi. Alieleza kwamba alikuta maji meupe na tope tupu vimelazwa pamoja, ovyo ovyo, kama wanavyofanya hawa wanunuzi wa siku hizi, akaona amsaidie mtoto. Fungu la kwanza ni maji safi. La pili ni fifi. La tatu alilisukuma pembeni kwa kidole.

“Hizi sijaziamini,” alisema. “Mtu akikuambia anaona kitu humu, anakudanganya. Kwanza yajue maji, ng'wanone, mwanangu, ndipo useme umeona nini.”

Nyanjige aliokota picha ya juu ya fungu lile. Namba 114. Asubuhi aliiweka kwa samaki bila wasiwasi wowote. Akaisogeza dirishani. Samaki hayupo, kuna tope na kivuli. Akaokota nyingine, na nyingine. Jamani, zote alikuwa amebahatisha! Na kama yeye mwenye macho mawili na digrii alibahatisha, roboti ingefanya nini? Ingejigonga mwambani ikidhani inafuata samaki. Lazima kwanza ijue ni wakati gani isiyaamini macho yake. Machozi yakamkauka, akaomba karatasi.

Jumapili alipotoka kanisani aliandika mpaka jua likazama. Likabaki lile sharti la kuifanya kazi peke yake. Mama alimshauri asijitafutie balaa; huko Ulaya nani anamjua Masunga? Aandike kazi ni yake, aende zake akasome. Nafasi ile Nyanjige aliitaka kuliko kitu chochote. Mwisho akaandika kwamba mpangilio ni wa baba yake, mpanga madaraja ya pamba, na maelezo ni yake yeye. Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni pa posta, asije akabadili mawazo.

Wiki saba zilipita, na mama alishaacha kuuliza. Kisha zikaja bahasha mbili kwa mpigo. Nyembamba ilikuwa ya Nyanjige: nafasi ni yake, masomo yanaanza Oktoba. Felisita alipiga vigelegele mpaka jirani yao Bimdogo, mwenye duka la vitenge, akaja mbio akidhani kuna posa. Nyanjige alicheka mpaka akakaa chini.

Bahasha nene iliandikwa jina la Masunga. Mzee hakuigusa mpaka aliponawa mikono. Ndani mlikuwa na picha nyingine mia tatu na barua fupi, na Nyanjige akamtafsiria taratibu: profesa anamsalimu, na kama mzee ana nafasi, anamwomba ampangie na hizi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani yake.

“Wanazitaka lini?” akauliza.