Mlango Ambao Nyanzala Hakuuchora

Nyanzala alikuwa amechoka, tena si uchovu wa safari peke yake. Kutoka kwake Shanwe, mjini Mpanda, hadi Mishamo alikaa nyuma ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, na magoti ya miaka sitini na mbili yakimlalamikia njia nzima. Aliyemwita ni Providence, muuguzi wa kituo cha afya. Alimpigia simu kumwambia kwamba ile nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua aliyoichora haijalaza mtu hata mmoja tangu ifunguliwe, na ikifika Ijumaa kamati ya kituo itaigeuza stoo ya mbolea.

Stoo ya mbolea, kweli? Yeye ndiye binti wa kwanza wa Mpanda kusomea usanifu majengo. Kwa miaka thelathini na tatu amechora madarasa, masoko na mahakama, na kila alipofika saiti mafundi walichungulia nyuma yake wamwone mchoraji mwenyewe anakuja lini. Alijua mapema kwamba mwanaume akikosea ramani watasema amepitiwa, ila yeye akikosea watasema tulijua tu. Basi akaapa hatakosea. Wenzake walipopima mara moja, yeye alipima mara tatu. Ndoa ikampita, watoto wakampita. Alipostaafu akajitolea kuichora nyumba hii, iwe ya mwisho.

Na aliipenda kuliko zote. Chumba kipana cha vitanda kumi, madirisha ya juu ya kutoa joto, jiko upande wa nyuma, na mlango mmoja tu mbele ili muuguzi amwone kila anayeingia. Aliizunguka akigonga kuta kwa kiganja, asione hata ufa. Ng'ambo ya barabara, upenuni mwa duka, wajawazito wanne walikuwa wamejilaza kwenye mikeka pamoja na mama zao.

Akamuuliza Providence kulikoni. Binti wa watu alisita. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa Mishamo, wa wazazi waliotoka Burundi, na kumfundisha Msukuma kama Nyanzala mila za Kisukuma aliona ni utovu wa adabu. Mwishowe akasema. Mimba ya kwanza, binti wa Kisukuma huja na mama yake mzazi. Mume naye huleta kuni na unga. Jiko liko nyuma, na njia ya kulifikia inapita katikati ya vitanda.

Hakuhitaji kuendelea. Nyanzala alikaa chini juu ya tofali. Baba yake, aliyeswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka Katavi, akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia porini mpaka bibi apite. Nyanzala aliyaona hayo tangu mtoto, halafu akachora nyumba ya kuwakutanisha wakwe mlango mmoja! Hasira zilimpanda, na hakuwa na mtu wa kumtupia.

Kamati ilipokusanyika, Respicius, fundi aliyeijenga, akamvuta pembeni.

"Mama, tuseme mlango wa jikoni ulikuwepo kwenye ramani, mimi ndo nikausahau. Mimi wakinisema nitazoea."

Kusema kweli, alitamani kukubali. Lakini jina lile lisilokosea alikuwa amelilinda kama mtu anayelinda shamba dhidi ya nyani, asubuhi hadi jioni, na hakuona nguvu za kulilinda siku moja zaidi. Akaenda kusimama mbele yao.

"Mlango wa jikoni sikuuchora. Kosa ni langu, sio la fundi. Nipeni siku mbili tutoboe ukuta."

Mwenyekiti, mzee Ndaki, akacheka, akasema ndiyo maana wengine walisema tangu zamani kwamba kazi hii si ya akina mama. Maneno hayo Nyanzala aliyakimbia miaka thelathini na tatu. Yalimuuma sana, ila hayakumwangusha, na hilo lilimshangaza. Aliuliza tena kama siku mbili amepewa. Akapewa.

Wakatoboa ukuta wa jikoni, yeye akionyesha pa kukata, Respicius akigonga. Jioni ya siku ya pili, plasta ikiwa bado mbichi, mume mmoja alitua kuni jikoni kupitia nyuma na kuondoka zake bila kuonana na mtu. Hapo ndipo wale wa upenuni wakakunja mikeka na kuvuka barabara. Mbele alikuwa mama mmoja aitwaye Sikujua, amebeba furushi la bintiye. Alimkuta Nyanzala ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, nywele zimejaa vumbi la tofali.

"Pole, mama," alimwambia. "Na wewe unamsubiri binti yako ajifungue?"

"Hapana," Nyanzala alisema, akikunja miguu kuwapisha. "Nilikuwa nawasubiri nyie."