Samaki wa Babu Bado Anakua

Mnunuzi wa vitu vya kale alimshusha samaki wetu wa mbao kutoka ukutani, akamgeuza tumbo juu, akaguna.

"Mama, huyu ameungwa mara mbili. Kichwa ni mninga, katikati ni mvule, na huu mkia sijui hata ni mti gani."

"Najua," nikamjibu. Nilikuwa nimeanza kumchoka, na chai yangu alishaimaliza.

Nikamweleza. Babu alivua samaki, akamla, kisha akamchonga wa mbao ili watu wasimbishie. Alikuwa mdogo, sawa na kiganja. Babu alipofariki, samaki akaenda kwa baba mkubwa, ambaye kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani. Kila aliposimulia, samaki alirefuka, mpaka wageni wakawa wanatazama ukutani na kucheka. Badala ya kupunguza maneno, baba mkubwa akamwita seremala aongeze mbao. Shangazi alipomrithi, naye akafanya vivyo hivyo. Sasa ni wangu.

"Basi wamemharibu," akasema mnunuzi. "Angebaki kama alivyochongwa, ningemchukua leo hii."

"Ndiyo maana yuko hapa bado," nikasema, nikamfungulia mlango.

Nilimtundika samaki mahali pake, nikamfuta vumbi, kisha nikampigia simu seremala. Jana niliwasimulia wajukuu kwamba samaki yule alibebwa na wanaume wawili, na wajukuu wangu wana macho.