Pilipili za Chini ya Meza

Cornelius alikimbia jembe tangu akiwa mtoto. Kwao Bungoma, mama yake akisema kesho tunapalilia, kesho hiyo Cornelius aliamka na tumbo la kuendesha, au homa, au kitu kimemwingia jichoni. Alipopata kazi ya ulinzi Doha, jambo la kwanza alilomshukuria Mungu halikuwa mshahara, lilikuwa mchanga. Nchi nzima ya mchanga, na hakuna wa kukuambia ukalime! Sasa huyu ndiye mtu ambaye, mwaka wake wa tano pale mtaani Fereej Bin Mahmoud, alikuwa analala sakafuni ili pilipili zilale kitandani. Ni mapenzi hayo, jamani. Usimcheke sana, yanaweza kukupata na wewe.

Mapenzi yenyewe yalikuwa ya Jebet. Jebet alikuwa yaya na mpishi katika nyumba moja ya wenye nafasi, na mtoto wake mwenyewe alikuwa amemwacha kwa nyanyake Kapsabet. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa yakiwa yamenolewa. Cornelius alimfuatilia mwaka mzima kwa njia za kisasa: salamu za asubuhi, maua ya kwenye simu, picha zake akiwa amesimama kando ya magari yasiyo yake. Ijumaa moja, baada ya ibada kule kanisani Mesaimeer, alijikaza kiume akamwuliza kama Desemba wangeweza kwenda nyumbani kujulishana na wazazi.

"Cornelius," Jebet akasema, "kuna mtu aliniahidi kila kitu, na hata kuku wake walikuwa wanakufa njaa. Wewe ushawahi kutunza kitu kikaishi?"

Cornelius alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwanamume aliye katika hali ile.

"Basi siku ya mavuno niletee kitu umekuza na mkono wako," Jebet akasema. " Si picha. Picha hata mimi niko nazo, nimekunja miguu nne kwa sofa ya watu. Niletee kitu chenyewe. Nikikiona, jibu langu utapata siku hiyo hiyo."

Hiyo siku ya mavuno yataka maelezo. Katika makanisa ya kwetu, waumini huleta mbele mahindi, mikungu ya ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Vyote huombewa, kisha hupigwa mnada kwa ajili ya wasiojiweza. Watu wetu walipokuja Doha waliibeba desturi hiyo nzima nzima, wakasahau kitu kimoja tu, nacho ni shamba. Kwa hiyo kila mwaka, Alhamisi jioni, kundi la Bwana huvamia duka kubwa, na Ijumaa hujipanga kwa unyenyekevu na ndizi za Ekwado, vitunguu vya India na matikiti ya Irani, likimshukuru Mungu kwa kuibariki kazi ya mikono yake. Mwaka uliopita ndugu mmoja alitoa nanasi la kopo. Liliombewa pia.

Cornelius alichagua pilipili kwa sababu mbegu alikuwa nazo, za pilipili kichaa zilizokaushwa alizofungashiwa na mama yake. Mwalimu wake alikuwa mzungu mmoja wa kwenye simu, mkaaji wa Kanada, aliyekuwa anakuza pilipili ndani ya nyumba mwaka mzima huku nje theluji imefika kwenye kitasa cha mlango. Udongo hautakiwi. Mizizi inaning'inia ndani ya ndoo ya maji yenye mbolea, pampu ndogo ya tangi la samaki inapuliza viputo usiku na mchana, na taa ya zambarau inashika zamu ya jua. Mzungu alisema: sisi wa nchi za baridi tuweke ndoo karibu na dirisha, mmea uongeze joto. Cornelius, mtiifu, akaweka ndoo dirishani. Mwezi wa Juni. Doha! Aliporudi kutoka kazini alikuta miche imechemka kama mchicha, imebaki kutiwa chumvi.

Akaotesha mingine, akaiweka mbali na dirisha. Huko ndani ndiko alikogundua kwamba kumbe naye aliishi nchi ya baridi. Nchi hiyo ilikuwa chumba chake, na mtawala wake alikuwa Mutai.

Mutai, dereva, mwenzake wa chumba, alizaliwa Timboroa, na Timboroa ndiyo hali ya hewa aliyoitambua kuwa ya binadamu. Rimoti ya kiyoyozi alilala nayo chini ya mto. Nje watu wanakaangwa. Ndani, Mutai amevaa kofia ya sufu, yuko chini ya blanketi mbili, anakunywa chai ya maziwa na kuipuliza.

"Mutai, buda, hizi pilipili zinakufa na baridi," Cornelius akamwambia. "Weka AC hata ishirini na nne."

"Ishirini na nne ni ya kuoka mkate. Kama zinasikia baridi, zinunulie sweta. Kwanza mtu mzima analima kwa ndoo kwa nini?"

"Pilipili usiyoila inakuwashia nini?"

"Inaniwashia taa ya zambarau kwa macho, hiyo ndiyo inaniwashia!"

Neno la sweta lilitolewa kwa kejeli, lakini mtu aliyependa hasikii kejeli. Cornelius aliondoa godoro lake, akapanga ndoo juu ya mbao za kitanda, akakizungushia kitanda chote mablanketi, na ndani akabandika ile karatasi ya kung'aa ya kufunikia chakula. Likawa hema lenye joto la kutosha. Yeye na godoro wakahamia sakafuni, pale upepo wa kiyoyozi unapotua. Haris, mlinzi wa jengo, alipoona mwanga wa zambarau ukivuja chini ya mlango alibisha kwa wasiwasi, akafunuliwa hema, akainama, akatazama. "Filfil? Wallah, filfil?" akasema, haamini kuwa ni pilipili, na kabla ya kuondoka akaomba akumbukwe zikiiva.

Maua yakaja, meupe, madogo, yakaanguka. Yakaja mengine, nayo yakaanguka. Cornelius alikonda. Mzungu wa Kanada, alipoulizwa, alieleza kwamba chumbani hamna upepo wala nyuki, kwa hiyo chavua haihami, na mkulima hana budi kuwa nyuki mwenyewe. Tangu hapo, kila siku kabla ya zamu, mlinzi wetu alipiga magoti mbele ya kitanda chake akiwa na sare kamili na kofia yenye nembo, mkononi ana kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akatembelea ua moja baada ya jingine.

"Na usisahau kuvuma," Mutai akamwambia kutoka chini ya blanketi.

Zikashika. Tuseme ukweli, hazikuwa pilipili za kujivunia. Zilikuwa fupi, zimepinda, nyingine nyekundu upande mmoja huku upande wa pili bado unafikiria. Lakini zilikuwa hai, na zilikuwa zake. Siku ya kwanza alipozishika alizihesabu mara mbili, akampigia mama yake.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Huku kuna ekari mbili za udongo, wewe umeenda Uarabuni kulima ndani ya ndoo? Huyo Jebet amekuroga. Na hebu niambie, ana mtoto huyo?"

"Mama, mtandao unakatika," Cornelius akasema, ingawa sauti ilikuwa safi kama wako jikoni pamoja.

Ijumaa ya mavuno ikafika. Cornelius alivaa suti yake ya pekee, akachuma pilipili zote, akazilaza ndani ya kikopo cha plastiki juu ya karatasi laini, akaenda nazo Mesaimeer amekishika kikopo kwa mikono miwili. Nyuma ya kanisa kulikuwa na ukumbi mdogo, na ukumbini meza ndefu yenye kitambaa cheupe kinachofika chini. Juu ya meza mapapai yaling'aa, machungwa yalipangwa kama askari. Mwenyekiti wa kamati, Mama Edith, alikuwa anazunguka na kitambaa akiyapangusa.

"Ndugu Cornelius, hii ni nini?"

"Pilipili, Mama. Nimezikuza mwenyewe."

"Naona umezikuza mwenyewe," Mama Edith akasema kwa upole mbaya. "Sasa angalia meza yetu. Angalia hayo mapapai. Leo tuna wageni, ushirika wa Waganda wote wanakuja. Tukiweka hivi vitu watasema Wakenya wametoa makapi. Mungu anapewa kilicho bora."

"Lakini Mama, ndizo nimekuza."

"Hakuna mtu amekataa. Hata zikiwa chini ya meza zitaombewa, maombi hayachagui." Akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya pilipili ndefu, nyekundu, laini, zilizonyooka kama rula. "Mimi nilinunua za akiba. Tutasema ni zako. Wewe si umelima? Basi umelima."

Hapo ndipo Cornelius alipopaswa kusema hapana. Mimi ningependa kukwambia kwamba alisema hapana. Lakini alitazama za pakiti, akatazama zake, akamfikiria Jebet akiingia na kukuta ukumbi mzima unacheka, akazionea haya pilipili zake kama mtu anavyomwonea haya mjomba wa kijijini aliyemtokea kazini. "Sawa, Mama," akasema. Kikopo kikaingia chini ya meza, nyuma ya katoni za maji.

Mnadi alikuwa Tony, mpokea wageni hotelini, kijana mwenye sauti ya kuuza kaburi kwa mwenye afya. Alipofikia pakiti aliiinua juu. "Wapendwa! Hii si ya dukani! Ndugu yetu Cornelius amelima jangwani, ndani ya maji, ndani ya chumba! Hili ni jasho!" Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni mmoja wa Kiganda, mnene, mcheshi, akapandisha bei mpaka wenzake wakaguna. Na Cornelius? Alisimama akapunga mkono. Mtu akamwuliza siri ni nini, naye akajibu, "Ni uvumilivu." Uso mkavu kabisa.

Jebet aliingia wakati huo huo, amechelewa kwa sababu madam alikuwa hajarudi. Alisikia jina, alisikia vigelegele, na akamtazama Cornelius kwa tabasamu ambalo mwanamume huyo alikuwa amelingoja mwaka mzima. Lilimchoma. Halafu Jebet akamwendea yule Mganda, akaomba aishike pakiti kidogo, akaigeuza, akairudisha kwa adabu. Alipofika kwa Cornelius tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hizi mimi hununua kila wiki, za madam. Hata kibandiko cha duka hamkutoa."

Cornelius alitafuta uongo, akakuta ameumaliza. "Zangu ziko," akasema.

"Ziko wapi?"

"Chini ya meza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Cornelius aliinama, suti na yote, akatambaa kati ya katoni za maji, akatoka na kikopo na vumbi magotini. Jebet akachagua moja iliyopinda kuliko zote, akaitafuna. Kwao Kapsabet pilipili si chakula. Akakohoa, macho yakajaa maji, pua ikamtoka, akashika ukingo wa meza.

"Ni zako," akasema alipoweza. "Hakuna duka linaweza kuthubutu kuuza hii."

Cornelius akaanza kutabasamu.

"Kwa hivyo uliweza."

"Niliweza, Jebet. Nimelala chini miezi yote hiyo."

"Uliweza, halafu ukazionea aibu." Alijipangusa kwa kiganja. "Kwa sababu zimepinda. Mimi ni yaya, Cornelius, na niko na mtoto hana baba. Mama yako ashajua?"

Cornelius akajipangusa vumbi magotini.

"Nilijua tu. Sasa siku wageni wa maana wakikuja, mimi na mtoto wangu utatuweka chini ya meza gani?"

Aliumia. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia tangu aje nchi hii, kwa sababu ilikuwa kweli. Akachukua kikopo, akapita kati ya viti mpaka mbele, ambapo Tony alikuwa amefikia papai, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Zile pilipili zimeuzwa ni za dukani," akasema. "Nilidanganya. Zangu ni hizi."

Hakuna aliyekasirika. Kila mtu alikuwa amekumbuka alichokileta, na mama mmoja mstari wa mbele akaonekana akibandua kitu kwenye tikiti kwa ukucha. Mama Edith akaanzisha pambio kufunika aibu. Hakuna aliyeitikia, akaishia mstari wa pili.

Tony alikuwa mtu wa kazi. "Haya, wapendwa," akasema bila kipaza sauti, "pilipili za Ndugu Cornelius, zile za kweli. Nani anaanza?" Akazitazama ndani ya kikopo, sauti ikashuka. "Hata riyali moja?"

Nyuma kabisa, mkono wa Jebet ukapanda juu. "Riyali moja."

"Nani anaongeza?"

Cornelius aliyekuwa ameomba miezi mingi watu wazitamani pilipili zake, sasa alisimama akiomba kila mtu afumbe mdomo. Yule Mganda mnene akainua mkono kujikuna kichwa, na Cornelius akamkazia macho ya kilinzi mpaka mkono ukarudi pajani. Hakuna aliyeongeza. "Zimeuzwa," Tony akasema.

Jebet akaja mbele, akatia noti yake kapuni, akasogeza mapapai mawili huku na huku, akakiweka kikopo katikati ya meza. "Zitakaa hapa mpaka tumalize," akamwambia Mama Edith, naye akachukua kitambaa chake akaanza kuyapangusa mapapai upya.

Kisha akamgeukia Cornelius. "Desemba tutaenda. Nitakuja na mtoto wangu. Mwambie mama yako sasa, na umwambie kwa sauti."

Cornelius akatoa simu pale pale, akapiga. Mkono wa pili bado ulikuwa na kipaza sauti, kikiwa karibu na mdomo, hakijazimwa, naye aliona kwamba hakijazimwa. "Mama," akasema, na ukumbi mzima, Wakenya na wageni wao, ukamsikia, "leo mtandao hauna shida. Uliniuliza kama Jebet ana mtoto."